Kidonge cha kila siku au sindano ya kila wiki? Dawa za homa ya ini B na seli za kinga

Mtu mwenye homa ya ini B sugu akifikia hatua ya kuanza dawa, njia zilizo mbele yake ni mbili. Ya kwanza ni kidonge cha tenofovir au entecavir, kinachomezwa kila siku kwa miaka mingi, mara nyingi kwa maisha yote. Ya pili ni peginterferoni alfa, sindano inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, kwa wiki 48. Maelezo mengi kuhusu njia hizi huishia kwenye bei, madhara na wingi wa virusi kwenye damu. Hayo ni ya lazima, nami nitayafikia. Lakini liko swali la ndani zaidi: kila dawa inazifanya nini seli za kinga za mgonjwa? Kwa kawaida hakuna kati ya dawa hizi inayoviondoa virusi vyote kwenye ini. Kinachoweza kuvituliza kwa muda mrefu bila dawa ni kinga ya mwili yenyewe, na kidonge na sindano huigusa kinga hiyo kwa namna tofauti kabisa.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa wagonjwa walio wengi Afrika Mashariki, kidonge ndicho chaguo sahihi, na sindano inawafaa wachache waliopimwa na kuchaguliwa vizuri. Na jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili: kipimo kikionyesha kwamba virusi havionekani kwenye damu, hakijasema kwamba seli za kinga zimepona. Kuna watu wamepoteza ini kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Kinga iliyochoka

Virusi vya homa ya ini B vikishaingia kwenye seli ya ini huweka ndani ya kiini chake duara dogo la DNA linaloitwa cccDNA. Kutokana na duara hilo, virusi vipya hutengenezwa miaka nenda miaka rudi. Vipande vingine vya DNA ya virusi hujipachika kwenye DNA ya mgonjwa mwenyewe. Vyanzo hivyo viwili hutoa protini ya ganda la virusi, HBsAg, kwa wingi wa kupindukia: chembe tupu za ganda, zisizo na virusi ndani, huvizidi virusi kamili kwa maelfu. HBsAg ndiyo inayoonekana kwenye kipimo cha haraka pale mtu anapochangia damu au mama anapohudhuria kliniki ya wajawazito, na huko ndiko wengi wanakojulia hali yao.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Watu wazima wakiambukizwa, zaidi ya asilimia 95 huviondoa virusi wenyewe. Watoto wakiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo. Afrika, sehemu kubwa ya wenye ugonjwa sugu waliupata utotoni, kutoka kwa mama au kutoka kwa watoto wenzao. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa miaka 35 anayeketi mbele ya daktari ana kinga iliyoishi na HBsAg kwa zaidi ya miaka 30.

Kinga hiyo hubadilika. Seli T za aina ya CD8, ambazo kazi yake ni kuzitambua seli za ini zilizoambukizwa na kuzishughulikia, huwa chache mno, na zilizobaki huwa zimechoka. Uchovu huu una alama zake: juu ya seli hujaa vizuizi kama PD-1, mitokondria zake, yaani mitambo yake ya nishati, hudhoofika, na zikikutana na virusi hutoa kidogo interferoni gama, protini ya kupambana na virusi, au zisitoe kabisa. Hazichoki zote kwa kiwango kimoja. Zinazolenga protini ya kiini cha virusi hubaki na nguvu kuliko zinazolenga polimerasi (kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya virusi), na zinazolenga HBsAg ndizo adimu kuliko zote.

Seli za NK, zile zinazoua bila kusubiri kufundishwa, zina shida ya namna yake. Uwezo wa kuua unabaki, lakini uwezo wa kutoa interferoni gama unashuka. Baya zaidi, kundi la Mala Maini katika chuo cha UCL, London, lilionyesha kwamba NK hizi, kwa kutumia protini iitwayo TRAIL, huchangia kuumiza seli za ini na pia huziua seli T zilezile zinazopambana na virusi. Na seli B, zile zinazotengeneza kingamwili? Zipo zinazoitambua HBsAg, lakini nazo zimejaa PD-1 na hushindwa kukomaa hadi kutoa kingamwili. Hilo lilionyeshwa mwaka 2018.

Niseme hapa kuhusu unga, juisi na vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa mitandaoni na kwenye mabasi. Tatizo la mgonjwa huyu halitokani na upungufu wa kinga kwa jumla. Kinga yake dhidi ya mafua, dhidi ya kidonda, dhidi ya surua inaweza kuwa nzuri kabisa. Kilichochoka ni kikundi kidogo cha seli kinachojua virusi hivi tu, na hakuna juisi iliyoonyeshwa kukiamsha. Baadhi ya mitishamba huumiza ini moja kwa moja, na ini la mtu huyu halihitaji adui wa pili.

Kidonge kinafanya nini

Tenofovir na entecavir huzuia hatua moja: virusi kunakili vinasaba vyake kutoka RNA kwenda DNA. Hatua hiyo ikizibwa, virusi vipya havitengenezwi na wingi wake kwenye damu hushuka kwa kasi. Katika majaribio makubwa ya tenofovir yaliyochapishwa mwaka 2008, baada ya wiki 48 virusi vilishuka hadi chini ya kiwango cha kupimika kwa asilimia 76 ya wagonjwa wenye HBeAg na asilimia 93 ya wasio nayo. (HBeAg ni protini nyingine ya virusi, ikiwepo, kwa kawaida virusi huwa vingi sana.) Uvimbe wa ini hutulia, ALT (kimeng'enya kinachovuja damuni ini likiumia) hurudi chini, na makovu huanza kuyeyuka. Katika ufuatiliaji wa miaka 5 uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 walianza wakiwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kuwa gumu. Asilimia 74 kati yao hawakuwa nayo tena mwishoni. Hatari ya saratani ya ini hupungua pia, ingawa haiishi.

Lakini cccDNA inabaki, na vile vipande vilivyojipachika vinabaki. Kidonge kinafyeka, haking'oi. HBsAg huendelea kutoka kwa wingi, na kinga inaendelea kuiona kila siku.

Seli T hujibu vipi? Kundi la Carlo Ferrari na Carolina Boni, Parma nchini Italia, lilianza kujibu swali hili mwaka 1998, wakati lamivudine ilipokuwa dawa mpya. Waliona kwamba virusi vikishuka, seli T zilizokuwa kimya huanza kujibu tena. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu lilionyesha kwamba uchovu si kifo. Kisha, mwaka 2001, likaja la kukatisha tamaa: nguvu hiyo haikudumu. Iliongezeka miezi ya mwanzo ya dawa, ikafifia baadaye, ingawa dawa iliendelea kumezwa. Mwaka 2012 kundi hilohilo likatazama wagonjwa waliomeza dawa kwa miaka mingi na kubaki bila virusi kwenye damu. Seli T zao, zikilelewa maabara na kuchochewa, zilifanya kazi vizuri kuliko za wagonjwa wasiotibiwa, na zilikaribia za watu waliopona wenyewe.

Ninavyoyasoma matokeo hayo, kidonge hakiziamshi seli T kwa mkono wake. Kinaondoa kelele ya virusi na uvimbe, na baada ya muda mrefu, kwa baadhi ya watu, seli chache zilizosalia hupata nafasi ya kurudi. Kurudi huko kunaonekana zaidi maabara zikichochewa kuliko ndani ya damu zikiwa zimetulia. Kwa seli za NK hali ni tulivu zaidi: msisimko wao hushuka, TRAIL hupungua, na watafiti wa Rotterdam walionyesha mwaka 2011 kwamba entecavir huwarudishia kwa kiasi uwezo wa kutoa interferoni gama. Ukarabati huo, hata hivyo, hautoshi kuiondoa HBsAg. Inapotea kwa takriban mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka, au chini ya hapo.

Ndiyo maana kidonge ni cha muda mrefu. Daktari akikwambia umeze maisha yako yote, hakwambii hivyo kwa sababu dawa ni dhaifu. Seli zako hazijawa tayari kuishika zamu peke yake.

Sindano inafanya nini

Interferoni alfa ni protini ambayo mwili wenyewe huitoa ukivamiwa na virusi. Peginterferoni ni ileile iliyoongezewa mkia wa kemikali ili ikae mwilini wiki nzima. Inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ndani ya seli ya ini huwasha jeni za kupambana na virusi na kuifanya cccDNA itoe nakala chache. Mwaka 2014, jarida la Science lilichapisha kazi ya maabara iliyoonyesha kwamba interferoni kwa kiwango kikubwa inaweza hata kuharibu sehemu ya cccDNA yenyewe, kwa kupitia protini iitwayo APOBEC3A, bila kuiua seli. Kidonge hakifanyi hivyo.

Kazi ya pili iko kwenye kinga, na hapa ndipo wengi hushangaa. Dawa hii huitwa kichocheo cha kinga, na mtu hutegemea kwamba itachochea kila kitu. Sivyo. Mwaka 2013 kundi la London lilifuatilia damu za wagonjwa wakati wa matibabu na kuona mambo mawili yanayopingana. Seli za NK, hasa zile zenye alama ya CD56 kwa wingi, ziliongezeka sana na kupata nguvu ya kuua na ya kutoa interferoni gama. Wakati huohuo seli T za CD8 zilipungua. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Parma walikuwa wameona jambo linalofanana: seli T zinazolenga virusi hivi hazikupata nguvu mpya wakati wa sindano, ila NK zilipata.

Kwa hiyo tofauti ya dawa hizi mbili, kwa upande wa seli, ni karibu ya kupishana. Kidonge hutuliza NK na kuzipa seli T nafasi ya kujirekebisha polepole. Sindano huzisukuma NK kwa nguvu na kuzipunguza seli T. Mgonjwa anayeona chembe zake nyeupe zikishuka kwenye kipimo cha picha kamili ya damu akiwa kwenye sindano anaona tabia ya dawa yenyewe, na ndiyo sababu kipimo hicho lazima kirudiwe mara kwa mara.

Faida yake ni kwamba kinachopatikana mara nyingi hudumu baada ya kuacha. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2005, asilimia 32 ya wagonjwa wenye HBeAg waliipoteza na kutengeneza kingamwili dhidi yake, walipopimwa wiki 24 baada ya sindano ya mwisho. Kwa tenofovir, katika jaribio tofauti, ilikuwa asilimia 21 baada ya wiki 48 za kumeza. Kupoteza HBsAg yenyewe kwa sindano ni takriban asilimia 3 hadi 7. Ni bora kuliko kidonge, lakini wagonjwa wengi humaliza wiki 48 nzito bila kuipata zawadi hiyo.

Ni nzito kweli. Homa na maumivu ya mwili kama ya mafua makali, uchovu, kupungua uzito, nywele kukatika, tezi ya shingo kuvurugika, na huzuni inayoweza kufikia mtu kutaka kujidhuru. Sindano huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Haichomwi mjamzito, wala mwenye sirosisi iliyoanza kuleta maji tumboni au manjano, wala mwenye ugonjwa wa akili usiotulia, wala mwenye magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili. Mwenye sirosisi ya namna hiyo hukatazwa kwa sababu kinga ikisukumwa ghafla kwenye ini ambalo halina akiba, ini linaweza kushindwa kabisa.

Zikiwekwa pamoja

Lipo jaribio moja lililoziweka bega kwa bega, na kila anayetaka kuchagua angepaswa kulijua. Lilichapishwa mwaka 2016, likiongozwa na Patrick Marcellin wa Ufaransa, na lilikuwa na wagonjwa 740. Waliopata kidonge cha tenofovir na sindano kwa pamoja kwa wiki 48 walipoteza HBsAg kwa asilimia 9.1 walipopimwa wiki ya 72. Waliopata sindano peke yake, asilimia 2.8. Waliopata kidonge peke yake, hakuna hata mmoja.

Asilimia 9.1 ni ndogo bado, na madhara ya sindano ni yaleyale. Lakini inaonyesha kwamba kazi mbili za seli zinaweza kusaidiana: mzigo wa virusi ukishushwa huku NK zikisukumwa, kinga hufika mahali ambapo njia moja peke yake haifiki. Kundi la London liliona pia, mwaka 2016, kwamba wagonjwa waliotangulia kupata sindano kisha wakahamia kwenye kidonge walibaki na NK zenye uwezo kuliko wale walioanza na kidonge moja kwa moja. Nchini China, wagonjwa waliokuwa kwenye entecavir na virusi vikiwa vimeshashuka walipohamishiwa sindano kwa wiki 48, asilimia 8.5 walipoteza HBsAg, na kati ya walioendelea na entecavir hakuna aliyeipoteza.

Katika jaribio la Marcellin waliofaidika zaidi walikuwa wenye jenotaipu A, mojawapo ya aina za kijenetiki za virusi hivi. Msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kusikia hivyo, maana jenotaipu A ndiyo iliyoenea huku. Ningemwomba atulie kwanza. A ya huku ni hasa A1, na ya Ulaya na Marekani ni hasa A2. Zina tabia tofauti: A1 hupoteza HBeAg mapema, wagonjwa wengi wazima huwa hawana tena HBeAg, na saratani ya ini inaweza kuja katika umri mdogo. Matokeo ya A2 hayahamishwi hivihivi.

Kuacha kidonge kwa makusudi

Njia hii inazungumzwa sana siku hizi, na inahusu seli za kinga moja kwa moja. Wazo ni kwamba, kwa mgonjwa asiye na HBeAg na aliyekaa miaka bila virusi kwenye damu, kuacha dawa kutafanya virusi virudi kidogo, seli T zilizopumzika zishtuke, na mwishowe HBsAg ipotee. Katika jaribio dogo la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2017, watu 21 waliacha tenofovir na 4 kati yao walipoteza HBsAg ndani ya wiki 144. Walioendelea kumeza hawakuipoteza. Jaribio kubwa zaidi la nchi hiyohiyo, mwaka 2023, lilipata takriban asilimia 10 kwa walioacha na sifuri kwa walioendelea.

Mwaka 2018 watafiti wa London na Singapore waliuliza ni nani anaweza kuacha kwa usalama, wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa: waliobaki salama walikuwa na seli T nyingi zaidi zinazolenga kiini na polimerasi, na seli hizo zilikuwa na PD-1. Kumbe PD-1 si alama ya udhaifu tu. Inaweza kuwa alama ya seli iliyo hai, inayovijua virusi na kujizuia isichome ini lote. Lakini kipimo hicho ni cha maabara za utafiti. Hospitali ya rufaa haina, na haitakuwa nacho karibuni. Kinachoweza kutumika ni kiasi cha HBsAg kwenye damu: kadiri kinavyokuwa chini, hasa chini ya uniti 100 kwa mililita, ndivyo nafasi inavyokuwa nzuri.

Nasema kwa uzito wote: majaribio hayo yalifanywa kwa watu wasio na sirosisi, waliopimwa damu mara kwa mara baada ya kuacha, na dawa ikiwa tayari kurudishwa. Kinachotokea kwetu mara nyingi ni kitu kingine. Mtu anaambiwa "virusi havionekani", anafurahi, pesa imebana, anaacha. Miezi michache baadaye virusi vinarudi kwa kasi, kinga inalivamia ini lote kwa pamoja, na anafika hospitali akiwa na manjano na amechanganyikiwa. Watu wamekufa hivyo. Mwenye sirosisi asiache kabisa, hata kwa jaribio.

Nani achague nini

Mwenye sirosisi: kidonge. Hapa hakuna mjadala.

Anayeishi na VVU: kidonge, na huenda tayari anakimeza bila kujua, maana TLD, kidonge cha kawaida cha VVU, ina tenofovir na lamivudine ndani yake, na zote mbili hufanya kazi dhidi ya homa ya ini B. Hatari ni pale dawa zinapobadilishwa. Sindano ya VVU ya muda mrefu, ya cabotegravir na rilpivirine haigusi virusi hivi. Hali kadhalika anayemeza PrEP (dawa ya kujikinga na VVU) yenye tenofovir: akitaka kuhamia PrEP ya sindano au kuacha, apimwe homa ya ini B kwanza.

Mjamzito: tenofovir, pale wingi wa virusi unapofika uniti 200,000 kwa mililita au HBeAg inapokuwepo, ili kumkinga mtoto, pamoja na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mwanamke anayepanga mimba mwaka huu asianze sindano.

Mwenye figo dhaifu au mifupa dhaifu: entecavir, au tenofovir ya aina ya TAF yenye miligramu 25 badala ya ile ya kawaida ya miligramu 300. Entecavir humezwa tumbo likiwa tupu. Asipewe aliyewahi kutumia lamivudine peke yake kwa muda mrefu, kwa sababu usugu wa lamivudine, unaofika takriban asilimia 70 baada ya miaka 5, hufungua njia ya usugu wa entecavir pia. Kwa sababu hiyohiyo, ukiandikiwa lamivudine peke yake kwa homa ya ini B, uliza kwa nini.

Anayetibiwa saratani au kupewa dawa za kushusha kinga, hasa rituximab, anahitaji kidonge hata kama virusi vyake vilikuwa vimelala miaka yote, kwa sababu seli zilizokuwa zikivishikilia zinaondolewa.

Mwenye homa ya ini D pamoja na B ni suala tofauti. Kidonge hakivigusi virusi vya D. Peginterferoni ndiyo iliyokuwa tegemeo kwa miaka mingi, na Ulaya iliidhinisha dawa ya bulevirtide mwaka 2020. Kila mwenye B angepaswa kupimwa D walau mara moja.

Na sindano? Ningeizungumzia na kijana asiye na sirosisi, mwenye HBeAg, ALT iliyopanda mara kadhaa, asiye na historia ya huzuni kubwa, anayeweza kufika kliniki yenye wataalamu na maabara kwa mwaka mzima, na anayetamani matibabu yenye mwisho. Akubali tangu siku ya kwanza kwamba wiki ya 12 na ya 24 HBsAg itapimwa, na isiposhuka, sindano itasimamishwa. Kuendelea kuchomwa bila dalili ya mafanikio ni kumtesa mtu bure.

Kuhusu nani aanze matibabu kabisa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umelegeza masharti sana. Mtu wa miaka 12 na kuendelea huanza akiwa na makovu ya ini (alama ya APRI zaidi ya 0.5, inayopatikana kwa AST, kimeng'enya kingine cha ini, na chembe sahani tu), au virusi zaidi ya uniti 2,000 kwa mililita pamoja na ALT iliyo juu ya kawaida, au VVU, au kisukari, au ndugu wa karibu aliyepata saratani ya ini au sirosisi. Pasipo na kipimo cha virusi, ALT inayobaki juu inatosha. Duniani watu milioni 254 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2022, na bei ya rejea ya tenofovir duniani mwaka 2024 ilikuwa takriban dola 2.4 kwa mwezi. Mgonjwa wa VVU huipata bure, wakati mgonjwa wa homa ya ini B peke yake mara nyingi huinunua mfukoni. Kwangu hili ni jambo la kudai, maana kidonge ni kilekile.

Kabla ya kidonge cha kwanza au sindano ya kwanza, omba ALT, AST, picha kamili ya damu, kreatinini (kipimo cha figo), HBeAg, wingi wa virusi na, ukiweza kulipia, kiasi cha HBsAg. Mashine za GeneXpert zilizojaa kwenye hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu zina kateriji yake ya kupima wingi wa virusi vya homa ya ini B, hivyo uliza kama ipo kabla ya kupeleka damu mbali.

Kipimo cha kiasi cha HBsAg kina faida nyingine. Dawa mpya zinazojaribiwa sasa hulenga kuishusha HBsAg yenyewe ili seli B na T zipate kupumua. Kufungua kizuizi cha PD-1 kwa dawa ya nivolumab kulijaribiwa kwa wagonjwa wachache, matokeo yakichapishwa mwaka 2019, na mmoja alipoteza HBsAg. Bepirovirsen, mojawapo ya dawa hizo mpya, ilifika mbali zaidi: katika jaribio la B-Clear, mwaka 2022, asilimia 9 hadi 10 ya waliopata dozi kamili kwa wiki 24 walibaki bila HBsAg na bila virusi vya kupimika wiki 24 baadaye. Wengi wa waliofanikiwa walianza na HBsAg ya chini. Kiasi chako kikiandikwa kwenye faili leo, na tena kila mwaka ukiwa kwenye kidonge, daktari atakuwa na cha kusoma dawa hizo zikifika.